Nini Kinakusukuma Kupunguza Uzito?

Nini humsukuma mtu kupunguza uzito? Mmoja ana harusi mwezi ujao. Mwingine amechoka maneno ya watu. Mwingine ameshtushwa na kipimo cha presha au sukari. Na wapo wanaoogopa kupungua, wasije wakaambiwa wanaumwa. Hofu hiyo iliota mizizi miaka ya Ukimwi.

Harusi hupita na maneno huisha, lakini afya unaihitaji kila siku. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha watu waliokaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea, dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 hivi.

Basi punguza ugali, ongeza mboga na maharage, acha soda, tembea. Epuka dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mitaani. Ukikonda bila kukusudia, wahi kituo cha afya. Na tusichekane miili. Tuhimizane kwenda kupima.