Gari la Mbio Lililozeeka: Bei ya Kununua na Bei ya Kumiliki

Mazungumzo ya maofisa wa usalama barabarani na uhusiano wa jamii kwa wakazi wa mji wa mpakani wa Busia, upande wa Uganda



Tunazungumzia leo kitu ambacho vijana wengi wanakitamani: gari la mbio la zamani. Mnayajua kwa majina: Subaru Impreza yenye turbo, Mitsubishi Lancer Evolution, Mazda RX-8. Hatukuja kumkataza mtu kupenda gari zuri. Tumekuja kuhesabu pamoja nanyi gharama ambazo muuzaji hazitaji, kwa maana nyingi kati ya hizo huishia mezani kwetu, ama kwa gari lililokamatwa, ama kwa gari lililopinduka.

Tujiulize kwanza: kwa nini gari lililokuwa ghali mno lilipokuwa jipya, leo linauzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida? Huko Japani, gari la kutembelea hukaguliwa miaka 3 baada ya kusajiliwa mara ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, na mwenye gari ndiye anayelipa. Gari linapozeeka, gharama ya kulitengeneza ili lipite ukaguzi hupanda, na wengi huona heri liuzwe nje. Matengenezo aliyoyakwepa mwenye gari wa kwanza hayakufutika. Yalisafiri melini pamoja na gari, na yanamsubiri mnunuzi.

Chukueni mkanda wa taimingi wa injini ya Impreza ya turbo ya miaka ile. Unapaswa kubadilishwa gari lifikapo kilomita 100,000 hivi. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima huharibika papo hapo. Kwa kuwa mita ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma, asiyeonyeshwa kumbukumbu za matengenezo na ahesabu kwamba mkanda haujabadilishwa kamwe. RX-8 nayo haina pistoni za kawaida. Injini yake imeundwa ichome oili kidogo kidogo inapofanya kazi. Anayesahau kupima na kuongeza oili anaiua injini hiyo, na fundi anayeweza kuifufua si rahisi kumpata.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Tuchukulie gari la turbo linakwenda kilomita 8 kwa lita moja mjini, na gari dogo linakwenda 14. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, la kwanza litakunywa lita 125, la pili lita 71. Hizo ni lita 54 za ziada kila mwezi, kabla hujanunua tairi wala breki.

Zipo gharama ambazo hulipwa kwa mwili. Tairi huzeeka hata kama kashata zake bado ni nene. Ubavuni mwake mna tarakimu 4: tarakimu 3214 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo kwenye gari lenye kasi ni hatari iliyofichwa chini ya rangi nyeusi. Vilevile, mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilirudishwa kutoka mamilioni ya magari duniani, zikiwemo Impreza na RX-8 za miaka fulani, kwa sababu baada ya miaka mingi ya joto na unyevu yaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Mnunuzi aulize kwa wakala wa mtengenezaji, akiwa na nambari ya chasisi, kama gari lake limo.

Sasa tuje kwenye sheria, ambako sisi wa mpakani hujikwaa zaidi. Tangu mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Impreza ya mwaka 2004 haina tena njia halali ya kuingia na kusajiliwa upya. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Lipo ng'ambo, ni rahisi, litavushwa usiku," fahamu kwamba unauziwa gari lisiloweza kamwe kuwa lako. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humtia hatiani si mvushaji peke yake, bali pia anayemiliki mali isiyolipiwa ushuru huku akijua, au akiwa alipaswa kujua. Gari hutaifishwa, na fedha za mnunuzi hazirudi, kwa kuwa aliyezipokea hana risiti wala anwani.

Na lililovuka kwa kibali cha muda haliuzwi. Lazima lirudi lilikotoka kabla kibali hakijaisha.

Lipo pia la spea. Spea za magari haya ni adimu, na uadimu huzaa wizi. Taa, vioo vya pembeni na kompyuta za injini hunyofolewa usiku na kuuzwa asubuhi kwa nusu bei. Anayenunua kioo cha wizi leo anamlipa mwizi mshahara wa kuja kung'oa chake kesho.

Basi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, tunawasihi mfanye mambo manne. Linganisheni nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Nambari iliyokwaruzwa au kupigwa pati ni sababu ya kuondoka. Ileteni nambari hiyo kituoni, tuitazame pia katika orodha ya magari yaliyoibwa ya Interpol. Mpelekeni fundi mnayemchagua wenyewe, si wa muuzaji. Na wekeni kando fedha za mkanda, tairi, breki na bima. Mkiona hazitoshi, basi gari hilo bado hamjaliweza, hata kama bei yake mnaiweza.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kijana aliyeuza ng'ombe wa nyumbani ili anunue gari, kisha akalipoteza kizuizini, hakupoteza gari peke yake. Amepoteza ada ya shule ya mdogo wake na imani ya baba yake. Hatupendi kuwa ndio wa kumpa habari hiyo. Njooni mtuulize mapema, mlango uko wazi.