Kabla ya Kumlipa Mshauri wa Kazi
Hotuba kwa vijana wanaotafuta kazi na wazazi wao



Mara nyingi jambo hili huanzia nyumbani. Kijana amemaliza kozi ya umeme, ametuma maombi ya kazi kwa miezi mingi, na hajapata jibu. Kisha anasikia kuna mshauri wa kazi mjini anayetoza, tuseme, shilingi 12,000. Mama yuko tayari kukopa kwenye chama ili amlipie. Kibarua anayelipwa shilingi 600 kwa siku hufanya kazi siku 20 kupata pesa hizo. Je, zinafaa kutolewa?

Jibu linategemea mahali kijana alipokwama. Asiyeitwa kabisa kwa mahojiano huenda barua yake ina kasoro, au anaomba kazi asizo na sifa zake. Anayeitwa mara tatu au nne bila kuchukuliwa huenda hajui kujieleza mbele ya jopo. Fundi aliyejifunza kazi kwa mikono lakini hana cheti anahitaji mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia Gredi ya 3 na kupanda hadi Gredi ya 1. Mshauri hawezi kumpa cheti hicho. Kumlipa ni kama kununua dawa ya macho kwa maumivu ya jino.

Kabla ya kutoa pesa, kijana aanze na msaada usio na gharama. Arudi chuoni kwake aulize ofisi ya ushauri wa kazi. Ajiandikishe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Amwombe mwalimu wake wa zamani, au mtu anayefanya kazi hiyo hiyo, asome barua yake na amuulize maswali kama ya mahojiano. Tena, tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri hapaswi kudai vyeti vya uidhinishaji, kama kile cha tabia njema, kabla ya kumpa mwombaji kazi. Pesa hizo zisitumike mapema.

Kuna wanaofaidika na mshauri wa kulipiwa. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na anataka kubadili taaluma, au anayeitwa kwa mahojiano kila mara na kuachwa, anaweza kusaidiwa na mtu anayeijua sekta yake. Lakini kuuliza si ujinga. Aulize: mshauri amewahi kufanya kazi gani mwenyewe? Ada hiyo ni ya vikao vingapi? Mwishoni kutakuwa na nini mkononi? Je, anaweza kulipia kikao kimoja kwanza? Majibu yaandikwe, na risiti itolewe.

Jambo moja lisisahaulike. Mshauri huuza ushauri, hauzi kazi. Anayeahidi nafasi kwa sababu "anajulikana ofisini" si mshauri. Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za utumishi wa umma za kaunti hazitozi ada ya kuomba kazi. Na wakala wa ajira wa kibinafsi hutakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007. Asiyeweza kuonyesha usajili huo asipewe hata shilingi.

Basi, kabla mama hajatia sahihi ya mkopo wa chama, yeye na mwanawe waketi waandike sentensi moja: tatizo ni hili, na mshauri atalitatua hivi. Wakishindwa kuiandika, pesa zibaki kwenye chama. Wakiweza, na msaada wa bure umejaribiwa ukashindwa, basi wanajua wanachonunua.