Plutoniamu katika Mashapo ya Bylot Sound, Greenland

Tarehe 21 Januari 1968, ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-52 iliyobeba mabomu manne ya haidrojeni ilishika moto angani, ikaanguka juu ya barafu ya bahari karibu na kambi ya Thule, kaskazini-magharibi mwa Greenland. Mlipuko wa nyuklia haukutokea. Kilicholipuka ni baruti ya kawaida iliyomo ndani ya mabomu hayo, nayo ikaisambaratisha plutoniamu na kuitawanya. Theluji na barafu iliyochafuka ilizolewa na kusafirishwa hadi Marekani, lakini sehemu ya plutoniamu ilizama pamoja na mabaki ya ndege hadi chini ya mlangobahari wa Bylot Sound, kwenye kina cha takriban mita 200.

Mashapo, yaani tope, mchanga na masalia ya viumbe yanayotuama chini ya bahari, huishika plutoniamu kwa nguvu, kwa kuwa oksidi yake haiyeyuki majini kwa urahisi. Ndiyo sababu vipimo vya maji, samaki na sili havikuonyesha hatari kubwa kwa walaji. Hata hivyo, tope hilo halitulii, kwani minyoo na kome wanaochimba humo hulitifua, wakishusha plutoniamu chini na kuipandisha tena, na kome hao ndio chakula cha walrasi, mnyama mwenye pembe mbili ndefu ambaye wawindaji wa eneo hilo humtegemea kwa nyama.

Ugumu mkubwa umo katika kukadiria kiasi kilichobaki. Watafiti wa maabara ya Risø ya Denmark, waliorudi huko mara kwa mara hadi mwaka 2003, walishusha mirija sakafuni mwa bahari, wakapandisha nguzo za tope na kuzikata tabaka kwa tabaka. Ikaonekana kwamba vipande viwili vya tabaka lilelile vinaweza kutofautiana mno, kwa sababu kimoja kina chembe ya plutoniamu isiyoonekana kwa macho na kingine hakina. Kuyeyusha gramu chache tu katika asidi kulizikosa nyingi za chembe hizo. Kupima sampuli nzima kwa mionzi ya gama ya ameriki-241, elementi inayozaliwa plutoniamu-241 inapooza, kulidhihirisha kwamba makadirio ya awali yalikuwa ya chini kuliko hali halisi.

Kwa hiyo wastani wa plutoniamu pekee, hata ukiwa mdogo, si hoja ya kutosha ya kuufunga mjadala kuhusu usalama wa bahari hiyo. Nusumaisha ya plutoniamu-239, yaani muda unaopita hadi nusu ya atomi zake zigeuke kuwa elementi nyingine, ni miaka 24,100, na katika muda huo mikondo, barafu na nyavu za wavuvi zinaweza kulihamisha tope hilo. Upimaji wa Bylot Sound hauna budi kuendelea, na matokeo yake, pamoja na kiwango cha shaka kilichomo, wapewe kwanza wawindaji wa mji wa Qaanaaq, ambao chakula chao hutoka katika bahari hiyo.