Aendaye Mbali, Atarudi kwa Nani?
Hotuba ya mwalimu wa dini, siku ya Jubilei



Siku ya Jubilei ni siku ya kushukuru, tena ni siku ya kulipa deni. Sisi tunalo deni la jibu. Kabla ya sikukuu hii mama mmoja wa Ujiji alitujia baada ya Misa. Mwanawe amepata nafasi ya kwenda kusoma Italia, naye akatuuliza, "Mwalimu, nimwache aende? Je, nitampata tena?" Tukamjibu upesi, kama wafanyavyo watu wasiojua la kusema: "Mungu ni mwema, mama." Akaitikia, akaenda zake, lakini tuliona usoni pake ya kuwa hatukumpa kitu. Leo yumo humu pamoja nasi, nasi twataka kumjibu.

Ndugu wapenzi, ufuko huu wajua sana kuondoka kwa watu. Zamani za utumwa, mateka wa Manyema walivushwa ziwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji, wakapelekwa Tabora kwa minyororo, na kutoka Tabora mpaka pwani. Hakuna aliyewauliza kama wapenda safari, wala mama zao hawakupata habari zao tena. Mapadre Weupe walipofika Ujiji mwezi wa Januari 1879, biashara ile ilikuwa ingali ikiendelea mbele ya macho yao. Ndiyo maana kwetu huku neno la kwenda mbali si neno jepesi.

Sasa sikilizeni habari za mtoto mmoja. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa angali mdogo alinyakuliwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alikuwa na shauri lake: vijana wa Kiafrika wafundishwe uganga wa Ulaya, kisha warudi Afrika, wawe waganga na walimu wa dini pamoja. Mwaka 1881 nyumba yao ilifunguliwa katika kisiwa cha Malta, kusini ya Italia. Atiman alikuwa mmoja wao, nao wakasoma uganga katika Chuo Kikuu cha kisiwa kile.

Jina la Malta si geni kwetu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28, twasoma jinsi merikebu ya Mtume Paulo ilivyovunjika huko. Wenyeji wakawawashia moto wale waliookoka, kwa ajili ya mvua na baridi. Paulo naye akamponya baba yake Publio, na wagonjwa wengine wa kisiwa. Wazee wetu wangesema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena lugha ya Malta ni jamaa ya Kiarabu. Sisi twahesabu sita, saba, tisa. Wao husema sitta, sebgħa, disgħa. Na kitabu kwao ni ktieb. Basi hata ugenini mtu huweza kusikia sauti inayofanana na ya nyumbani.

Walimu, angalieni jambo hili. Kardinali aliagiza ya kwamba vijana wale wapewe elimu ya Ulaya, lakini wasigeuzwe kuwa Wazungu. Mavazi, chakula na maisha yao yawe ya Kiafrika, ili wasije wakashindwa kukaa vijijini pamoja na wagonjwa wao. Hatusemi kwamba agizo lile lote lilikuwa jema. Vijana wale hawakujichagulia safari, wala si vyema mtu apangiwe na mwingine namna ya kuwa Mwafrika. Tena chuo kile hakikudumu. Kilifungwa kabla ya mwaka 1900. Lakini swali lililokuwamo ndani yake halijafungwa: wewe uendaye mbali, elimu yako utamrudia nayo nani?

Mwaka 1888 Atiman aliondoka Ulaya, akafika Zanzibar, akaja bara kwa miguu pamoja na msafara. Mwaka 1889 alikuwa Karema, kusini ya hapa, kando ya ziwa letu hili. Hapakuwa kwao, kwao palikuwa upande wa pili wa Afrika, wala hakurudi kukaa huko tena. Alioa huku, akatibu na kufundisha dini mpaka alipokufa Karema mwaka 1956. Mwanawe Yosefu akapata upadre mwaka 1923. Ugonjwa wa malale ulipoua watu mwambaoni, mwanzoni mwa karne ya 20, mganga huyu alikuwapo. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi akawa mgeni aliyeponya wenyeji.

Basi, mama, jibu letu ni hili. Mwache aende, lakini usimwache aende ovyo. Mwanao haendi kwa mnyororo. Anaitwa kwa jina lake, na sauti yake utaisikia katika simu. Hati zake zisomwe na mtu azijuaye. Achukue cheti chake cha ubatizo, aanze sasa kujifunza Kiitalia, na akifika atafute kanisa kabla hajatafuta starehe. Lakini akija mtu na ahadi ya njia ya siri, ya kupita jangwani na baharini, mfukuzeni. Jangwa lile ndilo alilovushwa Atiman, na siku zetu hizi wako watu waliouzwa katika njia zake, na wengine wengi wamekufa maji kabla ya kuiona Malta au Italia.

Ya kuwa utampata tena, hatuwezi kukuahidi. Hilo tulikuficha siku ile, utusamehe. Si kila aendaye hurudi mlangoni alipotokea. Lakini mtoto aliyefundishwa kuuliza, "Nani anangoja dawa hii?" hapotei, hata akikaa mbali.

Nasi tubakio tuna kazi. Mkoa wetu wa Kigoma umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi. Tukitaka mtoto wetu awashiwe moto huko ugenini, tuwawashie na hawa walio mlangoni petu.

Mungu awalinde wote walio safarini, na Bikira Maria, aliyekimbilia Misri na Mwanawe, awaombee. Tumsifu Yesu Kristo.