Barua ya kikundi iende mlango gani?



Leo tuongee juu ya maofisi. Kikundi kinaandika barua ya kuomba maji, inapelekwa kwa chifu, inalala kwenye faili miezi sita, na watu wanaanza kunong'ona kwamba mwenyekiti amekula pesa za nauli. Kumbe chifu hana mkono katika jambo hilo.

Tangu Katiba ya 2010, na kaunti 47 zilipoanza kazi 2013, tuna serikali za ngazi mbili. Chifu, kamishna wa kaunti na polisi ni wa serikali ya kitaifa, ingawa wako hapa kwetu. Wengine hudhani kamishna ni mdogo wa gavana. Hapana, kila mmoja ana mkubwa wake. Msimamizi wa wadi ndiye mtu wa kaunti.

Kilimo, zahanati na chekechea ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za kitaifa. Usajili wa kikundi pia, kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na sheria ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10.

Maji ndiyo yenye mambo. Kuwafikishia watu maji ni kazi ya kaunti. Lakini mkitaka kuchimba kisima kwa mtambo, kibali kinatoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, shirika la kitaifa. Milango ni miwili basi, na mkigonga mmoja tu, mtambo unaweza kuja halafu usimamishwe.

Ndani ya idara, waziri wa kaunti hutoa mwelekeo, lakini anayejibu juu ya pesa ni afisa mkuu wa idara. Mwandikieni huyo, nakala kwa msimamizi wa wadi. Mwakilishi wa wadi, yule tuliyezoea kumwita diwani, apate habari pia, maana bunge la kaunti hupitisha bajeti. Kulipa si kazi yake.

Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, tena mbele ya macho yenu. Mkitaka kujua ombi limefikia wapi, ulizeni kwa maandishi: sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 za kujibu. Kuuliza hakulipiwi. Mnachoweza kudaiwa ni gharama ya kutoa nakala tu.