Bahasha Zilizofungwa: Madaktari Wanajuaje Kuwa Tiba Inafaa?

Natumaini kila mtu amekwisha kaa mahali anaposikia vema. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno la leo: USHAHIDI. U-sha-hi-di. Lisomeni pamoja.

Neno hili si geni kwenu. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa sababu tu jirani ana hakika moyoni kwamba yeye ndiye mwizi. Leo tutalichukua neno hilo mahakamani tulipeleke hospitali, katika chumba cha dharura, mahali ambapo mgonjwa hana muda wa kungoja.

Tuseme ni saa tisa ya usiku huko Mbagala. Mtoto wa miaka miwili ana homa kali tangu jana. Sasa anapumua mbiombio, naye amelegea, hamtambui mama yake. Mwili unawaka moto, lakini mikono na miguu ni baridi. Baba anamwamsha jirani mwenye bajaji, na safari ya Hospitali ya Temeke inaanza. Wakifika, watasema nini? Nyote mnajua. Watasema, "Jamani, mtundikieni dripu!"

Wala hayo si maneno ya watu wasiojua. Vitabu vya uganga vilisema hivyo hivyo kwa miaka mingi. Mtoto ambaye damu yake haizunguki vizuri apewe maji mengi mshipani, na apewe upesi. Hebu kila mmoja abonyeze ukucha wa kidole chake, kisha auachie. Mnaona weupe, halafu rangi inarudi mara moja. Kwa mtoto niliyemtaja rangi huchelewa, pengine sekunde 3 au zaidi. Basi madaktari walifikiri kama sisi tunavyofikiri juu ya bomba: nguvu ikipungua, ongeza maji. Ni fikira nzuri. Lakini je, kulikuwa na ushahidi?

Kwa watoto wa Afrika wenye homa kali, ushahidi ulikuwa haba. Kwa hiyo, kuanzia Januari 2009, madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na wenzao wa Uingereza walifanya jaribio kubwa, wakiongozwa na Daktari Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Hospitali zilikuwa 6: Kilifi huko Kenya; Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda; na kwetu Hospitali ya Teule, Muheza, katika Mkoa wa Tanga. Jaribio liliitwa FEAST. Watoto walikuwa 3,141, wa umri wa siku 60 hadi miaka 12, na zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria.

Watoto hao waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza walipewa upesi maji ya chumvi mshipani. Fungu la pili walipewa upesi maji yenye albumini, yaani protini itokayo katika damu. Mwanzoni mtoto wa kilo 10 alipewa mililita 200 katika saa moja, ndiyo sehemu moja ya tano ya lita, na baadaye kipimo kikaongezwa mara mbili. Fungu la tatu hawakupewa maji ya haraka, bali yale ya polepole tu ya kuwatunza. Dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, damu na hewa ya oksijeni zilitolewa katika mafungu yote kwa kadiri ya haja.

Nani aliamua mtoto gani aingie fungu gani? Hapa ndipo penye kiini cha somo, sikilizeni sana. Si daktari, wala si mzazi. Zilikuwapo bahasha zilizofungwa, zenye namba, zisizoonyesha kilichomo. Mtoto akija, bahasha iliyofuata ilifunguliwa, na kadi iliyomo ikasema.

Kwa nini kufanya kama bahati nasibu? Fikirini mkulima anayejaribu mbolea mpya. Anaitia katika shamba la bondeni, na shamba la mlimani analiacha bila mbolea. Mahindi ya bondeni yanastawi. Je, ni mbolea au ni bonde? Hawezi kujua. Vivyo hivyo daktari akichagua mwenyewe, pengine atawapa maji wale walio hoi kabisa, au wale anaowahurumia. Bahasha haina huruma wala hofu, kwa hiyo mafungu yanakuwa sawa tangu mwanzo.

Najua mama mmoja darasani ananong'ona, "Mtoto wangu apigiwe kura?" Ni swali la haki, nami sitalikimbia. Jaribio lilikaguliwa kwanza na kamati za maadili. Pale ambapo mtoto alikuwa mahututi, mzazi aliombwa idhini kwa mdomo, kisha akaelezwa yote na kuombwa sahihi baadaye, hali ilipotulia. Wako watu waliolipinga jambo hilo. Mimi naona kuwapa watoto maelfu tiba ambayo hatujui kama inaponya au inaua ni kuwapigia kura vilevile, ila bila kuandika hesabu.

Sasa hesabu. Mwalimu, andika. Waliopewa maji ya chumvi kwa haraka walikuwa 1,047. Katika saa 48 walikufa 110. Waliopewa albumini walikuwa 1,050, walikufa 111. Wasiopewa maji ya haraka walikuwa 1,044. Walikufa 76.

Nitanyamaza kidogo mpate kutoa 76 katika 110.

Ni 34. Watoto 34 zaidi walikufa katika fungu la maji ya chumvi, ingawa mafungu yalikaribia kulingana. Kamati iliyokuwa ikiangalia hesabu ilishauri jaribio lisimamishwe, nalo likasimamishwa Januari 2011, kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa.

Liko na jambo jingine la ajabu. Baada ya saa moja, waliopewa maji ya haraka ndio walioonekana nafuu. Dalili za damu kutozunguka ziliondoka kwa watoto 43 katika kila 100. Kwa wasiopewa, 32 tu. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba dripu linafanya kazi. Mama angemshukuru Mungu. Kisha, usiku ule au kesho yake, wengi zaidi wakafa. Watafiti walipochunguza tena, mwaka 2013, waliona kuwa sehemu kubwa ya vifo hivyo vya ziada ilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa.

Tafadhali msichukue nusu ya somo hili. Jaribio halikuwahusu watoto wanaoharisha, wenye utapiamlo mkali, walioungua au walioumia. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na yale ya pakiti ya chumvi na sukari mpeni bila kuchelewa. Wala sisemi dripu ni sumu. Nasema tu kwamba mganga akikataa kumtundikia mtoto wako dripu la haraka, usimdhanie ubahili.

Hapa Dar es Salaam, Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, ya kwanza nchini, na madaktari wakaanza kusomea kazi hiyo hapa hapa. Lakini kutoka Chanika au Kigamboni mpaka huko ni mbali, na dakika za kwanza ni zenu.

Mtoto akimwagikiwa uji wa moto, tunapaka nini? Nasikia: dawa ya meno, yai, unga. Acheni. Mimina maji baridi, si barafu, kwa dakika 20, hata kama ni kwa kopo kutoka katika ndoo, kisha funika kwa kitambaa safi mkaende hospitali. Huko Queensland, Australia, habari za watoto 2,495 walioungua zilichunguzwa na kutangazwa mwaka 2020. Waliopozwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 walihitaji kupandikizwa ngozi kwa uchache zaidi. Hapo hapakuwa na bahasha, kwa hiyo ushahidi huo si mzito kama ule wa Muheza na wenzake. Lakini upande wa dawa ya meno bado sijaona shahidi hata mmoja.

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja aandike tiba moja ya haraka inayotumika mtaani kwake, kwa mtu aliyeungua, aliyezama au aliyeanguka na pikipiki. Chini yake aandike: nani alihesabu waliopona, na nani alihesabu wasiopona? Someni majibu kwa zamu, anayesoma polepole msimkatize. Mwalimu, zima redio, waanze.