Mbwa Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu, kabla ya mbuzi, ng'ombe na kuku, na kabla hata ya watu kuanza kulima. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kama historia ya kazi: kuwinda, kulinda, kuchunga mifugo. Ipo nyingine isiyosimuliwa sana, ya mbwa kama mfariji wa wagonjwa na wapweke, na ndiyo wanayoletewa wasikilizaji katika kipindi hiki. Ushahidi wake wa zamani kabisa unahusu mbwa ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Mwaka 1914 wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke. Maiti zao zilikuwa zimefunikwa kwa mawe ya basalti na unga mwekundu wa madini. Pamoja nao palikuwa na mifupa ya mnyama, ambayo ilihifadhiwa kwa miongo kadhaa kabla ya wataalamu kutambua kuwa ni ya mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka 14,000 hivi.

Mwaka 2018 daktari wa mifugo Luc Janssens na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa meno ya mbwa huyo. Tabaka la nje la meno lilikuwa na mistari ya kasoro, ambayo hubaki pale mwili unapopigwa na ugonjwa mkali jino lingali linakua. Walihitimisha kuwa yaelekea alikuwa na distempa, maradhi ya virusi ambayo huua watoto wengi wa mbwa. Yalimshika akiwa na umri wa wiki 19 hivi, yakamrudia, naye akafa akiwa na miezi sita na ushei. Mbwa mwenye distempa huharisha, hutapika, hutetemeka na kukataa chakula. Bila mtu wa kumpa maji, kumtia joto na kumsafisha, huyu asingemaliza wiki tatu. Aliishi wiki nane hivi tangu augue. Katika muda huo hakuweza kuwinda wala kulinda chochote, na waliomuuguza walikuwa watu wa kuhamahama waliotafuta riziki kwa jasho. Hapo hoja ya kwamba mbwa alipendwa kwa ajili ya kazi yake tu inakosa pa kusimama.

Kaburi jingine mashuhuri liko Ain Mallaha, katika bonde la Hula, kaskazini mwa Israeli ya leo. Lina miaka 12,000 hivi. Marehemu, mtu wa makamo au mzee, alilazwa kwa ubavu, mkono wake ukiwa juu ya mwili wa mtoto wa mbwa.

Wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanamjua mbwa wa Ashabul Kahf, yaani Watu wa Pango, aliyetajwa katika Kurani akiwa amenyoosha miguu ya mbele kwenye kizingiti cha pango. Hata hivyo, madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi pwani yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda ameruhusiwa, lakini makao yake ni uani. Kumwingiza chumbani mwa mgonjwa ni desturi iliyokulia kwingine, hasa Ulaya na Marekani, na hata huko haikupokewa kwa urahisi.

Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza aliyepata sifa katika vita vya Crimea, aligusia jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliandika kuwa mnyama mdogo wa kufugwa ni mwenzi bora wa mgonjwa, hususa yule anayeugua kwa muda mrefu. Hospitali za wakati huo zilishika maagizo yake kuhusu hewa safi na usafi, hilo la mnyama likapita.

Aliyelijua kwa undani ni Sigmund Freud wa Vienna, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo. Aligunduliwa kuwa na saratani ya taya mwaka 1923, akafanyiwa upasuaji mara nyingi. Mbwa walimwingia moyoni uzeeni, alipokwisha kupita miaka 70. Kipenzi chake, Jofi, wa jamii ya chow, alilala katika chumba cha tiba wakati wagonjwa wakizungumza. Mtoto wa Freud alisimulia kuwa Jofi alipoinuka na kupiga miayo, baba yake alijua kipindi kimekwisha bila kutazama saa. Desemba 1936 Freud alimwandikia rafiki yake Marie Bonaparte kwamba pendo la mbwa halichanganyiki na chuki, kama yanavyochanganyika mapenzi ya wanadamu. Jofi alikufa mwezi uliofuata.

Kisa hiki kina upande wake mchungu, ambao wapenzi wa mbwa hupenda kuuruka. Freud alipowakimbia Wanazi na kuhamia London mwaka 1938, mbwa wake Lün alifungiwa karantini miezi sita kwa mujibu wa sheria za Uingereza, naye mzee akawa anakwenda kumtembelea. Mwaka uliofuata kidonda cha saratani kikaoza, kikatoa harufu kali, na Lün akawa anajikunyata pembeni, hataki kumkaribia bwana wake. Pua ya mbwa ina mipaka ambayo mapenzi hayaivuki.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kijibwa Smoky, mwenye uzito usiofika kilo mbili, aliokotwa handakini huko New Guinea mwaka 1944, akaishia mikononi mwa askari wa Marekani Bill Wynne. Wynne alipolazwa kwa homa ya dengi, Smoky aliletwa hospitalini, na wauguzi wakaanza kumpitisha kwa majeruhi wengine.

Lakini kisa cha askari si utafiti. Aliyelifikisha suala mbele ya wanasayansi ni Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto mjini New York. Siku moja mama alimleta mtoto wake kabla ya saa ya miadi, Levinson akiwa na mbwa wake Jingles ofisini. Mtoto huyo alikuwa amejifungia, na tiba za awali hazikumfaa. Jingles alimkimbilia akamlamba. Mtoto hakuogopa, akamkumbatia. Mama alitaka kuwatenganisha, Levinson akamwashiria awaache. Mtoto aliomba kurudi ili acheze na mbwa, na katika vipindi vya kwanza alizungumza na Jingles tu kana kwamba daktari hayupo.

Levinson alipoeleza hayo mbele ya wanasaikolojia wenzake mwaka 1961, baadhi walimcheka, wakauliza kama mbwa naye anagawiwa ada. Yeye aliendelea kuandika, na mwaka 1969 akatoa kitabu kizima. Katika miaka ya 1970 Samuel na Elizabeth Corson wa Ohio wakamfuata kwa njia ya bahati: walifuga mbwa wa utafiti karibu na wodi ya wagonjwa wa akili, na vijana waliokuwa hawasemi na mtu waliposikia wakibweka, waliomba kuwaona.

Hesabu zilikuja mwaka 1980. Erika Friedmann na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 92 wa moyo kwa mwaka mmoja tangu watoke hospitali. Kati ya 53 waliofuga wanyama walikufa 3. Kati ya 39 wasiofuga walikufa 11. Takwimu hizi zimerudiwa kupita kiasi. Kundi ni dogo, na huenda mwenye nguvu za kufuga mnyama alikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Maelezo ya kimwili yametoka kwanza Afrika Kusini, ambako mwaka 2003 Johannes Odendaal na Roy Meintjes walionyesha kuwa mtu anapompapasa mbwa, homoni ya oksitosini huongezeka katika damu ya wote wawili. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakaongeza kwamba kutazamana kwa mbwa na mmiliki wake huipandisha homoni hiyo hiyo, ambayo pia huunganisha mama na mtoto mchanga. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo.

Leo hospitali nyingi za Ulaya na Marekani hupokea mbwa wa kufariji kwa masharti. Lazima awe amechanjwa, amepimwa tabia na kuogeshwa, na mgonjwa husafisha mikono kabla na baada ya kumshika. Wenye mzio na waliotengwa kwa maambukizi hawatembelewi. Ziara hufanywa fupi kwa kuwa mbwa naye huelemewa: akianza kulamba midomo, kupiga miayo au kugeuza uso mara kwa mara, mwongozaji wake humtoa wodini.